Vitamini E na afya ya ngozi

Vitamini E ni kundi la viambata vinane vinavyoyeyuka katika mafuta: tokoferoli nne na tokotrienoli nne. Mwili hutumia zaidi alfa-tokoferoli, ambayo ini huichagua na kuirudisha kwenye damu. Iligunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop huko California, walipoona panya wakishindwa kuzaa kwa kukosa kitu fulani katika chakula. Jina tokoferoli limetokana na maneno ya Kigiriki yanayohusu kuzaa.

Mafuta ya karanga yakiachwa wazi juani huchacha. Ngozi nayo ina mafuta katika utando wa kila seli, na mionzi ya urujuanimno ya jua huzalisha humo radikali huru, chembe zinazonyakua elektroni kwa jirani zake. Molekuli moja ikiharibika huharibu ya pili, na ya pili ya tatu. Vitamini E hukaa ndani ya utando huo na kuukata mfululizo wa uharibifu kwa kutoa elektroni yake. Vitamini C huja kuirudishia uwezo. Kwa hiyo dawa za kupaka zenye vitamini hizi mbili kwa pamoja hukinga dhidi ya jua vizuri zaidi kuliko zenye E peke yake. Vitamini hii hufika juu ya ngozi kupitia mafuta ya tezi, hivyo uso, ulio na tezi nyingi, hupata nyingi kuliko mkono.

Wengi huijua kupitia vidonge laini vya rangi ya dhahabu vinavyouzwa maduka ya dawa. Kidonge hutobolewa kwa sindano, na mafuta yake mazito, yanayonata, hupakwa juu ya kovu. Mafuta hayo hulainisha ngozi kavu, hilo ni kweli. Kovu ni jambo jingine. Katika utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, kwa wagonjwa tisa kati ya kumi hayakusaidia au yaliharibu mwonekano wa kovu, na theluthi moja walipata mzio wa ngozi. Mwenye kutaka kuyatumia ajaribu kwanza tone dogo upande wa ndani wa mkono.

Njia ya uhakika ni chakula. Mtu mzima anahitaji miligramu 15 kwa siku, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti, zao linalolimwa sana Singida, hutoa zaidi ya miligramu 5. Karanga, lozi, parachichi na mchicha huongezea. Mafuta ya nazi, ambayo Pwani huyasifu kwa ngozi, yana vitamini E kidogo mno. Sifa yake ni kuzuia ngozi isikauke. Vidonge vya dozi kubwa visimezwe ovyo: jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2011 liliona saratani ya tezi dume ikiongezeka kwa asilimia 17 kwa wanaume waliomeza yuniti 400 za kimataifa (IU) za vitamini E kila siku.

Wala vitamini E haichukui nafasi ya losheni ya kuzuia jua. Hili ni la uhai kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina melanini ya kutosha. Mjini Moshi hutengenezwa Kilisun, losheni iliyobuniwa kwa ajili yao; ipakwe pamoja na kuvaa kofia pana na nguo za mikono mirefu.