Mafuta ya Nyonyo Unayopaka Kichwani Yaliwahi Kurusha Ndege za Vita: Stori Nzima ya Oili za Injini Kali

Ingia saluni yoyote ya Sinza leo, utakuta kichupa cha mafuta ya nyonyo. Mazito, yananata, na warembo wanayasifia kwamba yanajaza nywele. Vuka barabara uingie gereji, utakuta dumu la lita nne limeandikwa 5W-30 na kijana ameshika kiuno anabishana na fundi: "Weka namba 40 bwana, hiyo nyepesi itaua injini!"

Ukiangalia haraka unaona hivi vitu viwili havijuani kabisa. Kumbe ni ukoo mmoja. Na ule ubishi wa gereji una zaidi ya miaka 100, na kuna watu ulishawagharimu maisha.

NYONYO ANGANI

Kuanzia mwaka 1909 hivi, injini iliyokuwa inatamba kwenye ndege ilikuwa Gnome ya Ufaransa. Ilikuwa na maajabu yake: silinda zote zilikuwa zinazunguka pamoja na pangaboi la mbele, ili zipoozwe na upepo. Ilikuwa nyepesi na ina nguvu kuliko nyingi za wakati ule. Shida moja tu: petroli ilikuwa inapitia katikati ya injini, mahali palepale penye oili. Oili ya kawaida iliyotoka kwenye mafuta ghafi ikikutana na petroli inayeyuka, inakuwa maji maji, vyuma vinasagana na injini inakufa hewani.

Mafundi wakageukia mbegu za mbarika. Mafuta ya nyonyo hayachanganyiki kirahisi na petroli, na yanang'ang'ania chuma hata joto likipanda. Hapo ndipo nyonyo ikawa oili ya mashine zenye kasi kuliko zote duniani.

Lakini ilikuwa na gharama yake. Oili ile haikurudi kwenye tangi. Ikishapita kwenye injini ilitupwa nje, na aliyekuwa amekaa nyuma yake ni rubani. Marubani wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu, walirudi chini wakiwa wamelowa mafuta usoni, miwani imejaa ukungu. Walikuwa wanayavuta na kuyameza. Na kila aliyewahi kupewa nyonyo na bibi yake anajua kazi yake tumboni. Mtu anapigana vita angani huku tumbo linamkata. Hakuna aliyeomba oili nyingine, kwa sababu ile nyingine ingemuangusha.

Hata Bongo stori hii imefika. Mapema mwaka 1915 Waingereza walileta ndege za Sopwith kwenye kisiwa cha karibu na Mafia, kuitafuta meli ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha delta ya Rufiji. Zilikuwa na injini za Gnome za aina hiyohiyo. Joto la pwani likazitesa vibaya, nyingine kupaa tu ilikuwa kazi. Meli ilikuja kupigwa Julai mwaka huo, baada ya ndege nyingine kuletwa.

Upande wa biashara, mfanyabiashara mmoja wa London alikuwa ameshaiona fursa. Kampuni yake ilichanganya nyonyo na oili ya kawaida kwa ajili ya magari na ndege, na mwaka 1909 ikaipa bidhaa hiyo jina lililotokana na jina la Kiingereza la nyonyo, "castor": Castrol. Mpaka leo watu wanalitaja jina hilo kila siku bila kujua wanataja nyonyo.

NAMBA ZILIVYOANZA

Nyonyo ikatamba pia kwenye magari ya mbio. Ubaya wake ni kwamba ikikaa inaganda kama gundi, inaziba njia, na ndani ya injini inaacha uchafu mgumu kama rangi ya mbao. Dereva wa mbio anaweza kufungua injini kila wiki. Mtu wa kawaida hawezi. Kwa hiyo oili ya mafuta ghafi ikarudi, na ikahitaji mpangilio.

Mwaka 1911 wahandisi wa magari wa Marekani, chama cha SAE, wakaweka namba za kuonyesha uzito wa oili. Namba 40 ya fundi wa Sinza imetokea huko. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi. Enzi hizo mwenye gari Ulaya au Marekani alibadilisha oili kwa majira: nyepesi wakati wa baridi, nzito wakati wa joto. Akisahau, asubuhi ya theluji gari haliwaki.

Miaka ya 1950 zikashika kasi oili za namba mbili. Wakemia waliweka ndani yake vinyuzi vidogo sana vinavyojikunja kukiwa na baridi na kujinyoosha kukiwa na joto. Oili moja, tabia mbili. Ndiyo maana dumu linaandikwa 10W-40: namba ya kwanza, yenye W ya "winter" yaani majira ya baridi, ni jinsi inavyotembea injini ikiwa ya baridi. Ya pili ni uzito wake injini ikishachemka.

Mwaka 1959 Uingereza ikatoa Mini, kigari kidogo ambacho injini na giaboksi vilitumia oili moja. Meno ya gia yakawa yanakatakata vile vinyuzi, oili inachoka mapema. Watengenezaji ikabidi warudi maabara. Bodaboda ina shida ya aina hiyo mpaka leo: oili yake inalainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Ukiweka oili ya gari, klachi inaweza kuanza kuteleza. Ya pikipiki inaandikwa JASO MA, na hayo maandishi hayapo kwa ajili ya urembo.

VITA, TURBO NA SAFARI RALLY

Sinthetiki nayo ilisukumwa na shida. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Ujerumani ilikuwa na uhaba wa mafuta ghafi, na mashine zake zilikuwa zinaganda kwenye baridi kali ya Urusi. Wakemia wake wakaanza kutengeneza oili wenyewe. Baada ya vita injini za jeti zikaihitaji zaidi, na mwaka 1974 Mobil 1 ikaingia madukani Marekani kwa watu wa kawaida.

Muda ulikuwa mzuri, maana turbo zilikuwa zinakuja. Mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukitoka kukimbiza gari ukazima ghafla, oili iliyobaki mle inapikwa na joto mpaka inakuwa mkaa. Ndiyo maana wazee wa turbo wanaacha injini iungurume kidogo kabla ya kuzima.

Majaribio makali yalifanyika hapa hapa. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Vumbi, joto, mawe ya kutoboa sampu ya oili. Datsun 240Z ikashinda 1971 na 1973, Toyota Celica ya turbo ikachukua tatu mfululizo, 1984 mpaka 1986, na mwaka 1997 dereva mmoja wa Scotland akaipa Subaru Impreza ushindi. Vijana wengi wa Nairobi na Dar wanaoungurumisha Subaru usiku walipata ugonjwa huo kutoka kwenye rally.

SASA NANI YUKO SAHIHI GEREJI?

Injini ya Impreza ya turbo ina joto na presha ya kutosha kuuchana utando wa oili nyepesi mno, na beringi za konrodi ndizo zinazokufa kwanza. Hapo kijana wa namba 40 ana hoja, mradi kitabu cha gari kinaruhusu. Lakini akiimimina hiyohiyo kwenye Toyota mpya iliyoundwa kwa 0W-20, anaharibu. Njia za oili mle ni nyembamba, na VVT-i inafanya kazi kwa presha ya oili. Nzito inachelewa kufika asubuhi, na kuwasha gari asubuhi ndipo injini inapochakaa sana.

Wengine wanasema Dar hakuna baridi, kwa hiyo W haina maana. Si kweli. Hata kwenye nyuzi 25 oili ni nzito mara nyingi kuliko ikiwa imechemka.

Kwa hiyo anza na kitabu cha gari au kifuniko cha oili, halafu angalia kama kuna turbo, halafu nunua mahali panapoaminika, maana dumu zuri linaweza kubeba oili chafu iliyochujwa. Injini ikinoki, hela ya kuifufua ingenunua oili halisi ya miaka mingi.

Marubani wa 1915 walimeza nyonyo kwa sababu walijua injini yao inataka nini. Gari lako linakula namba gani, na nani alikwambia?