Nani Aliumaliza Msitu wa Mau?

Waulize wanafunzi wa Njoro kwa nini mto wao unapungua. Wengi watakujibu papo hapo: watu waliokaa ndani ya Mau waliumaliza msitu. Mto Njoro huanzia huko juu, ukapita Nessuit na Chuo Kikuu cha Egerton, kisha ukaingia Ziwa Nakuru. Ukitaka kufundisha haki ya mazingira kwa njia ya Paulo Freire, Mbrazili aliyekataa mwanafunzi kugeuzwa debe la kujazwa, huanzi kwa kusahihisha jibu hilo. Unalifukua pamoja na darasa. Je, lilitoka wapi?

Nilianza na makaratasi ya wakoloni. Tume ya Ardhi ya Kenya iliundwa mwaka 1932, ripoti yake ikatoka 1934. Humo Waogiek, warina asali wa Mau, wanaitwa Wadorobo, na pendekezo ni kwamba wahamishiwe maeneo ya makabila wanayokaribiana nayo. Pendekezo hilo linasema watu waende wapi. Halisemi nani alikata mti gani. Njia hii iligonga mwamba. Je, kumbukumbu za karibu zaidi zingesema nini?

Gazeti Rasmi la Kenya linachosha kusoma, lakini lina faida moja: huandika hata yale ambayo mikutano ya hadhara huyaruka. Matangazo ya mwaka 2001 yaliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kwenye hifadhi ya msitu. Ardhi hiyo ikawa makazi na mashamba. Eneo la ukubwa huo halikumegwa na mrina asali mwenye mzinga wake. Mbona basi hekta hizo hazimo katika jibu la wanafunzi?

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilitoa hukumu katika kesi ya Waogiek. Haikuona ushahidi kwamba kuwepo kwao ndicho chanzo kikuu cha kupungua kwa msitu. Ilitaja uvamizi wa makundi mengine, kumegwa kwa ardhi na vibali vya ukataji miti. Mwaka 2022 iliamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000. Ningeweza kufunga daftari hapo. Lakini hukumu ikikaririwa darasani, si itakuwa jibu jingine la papo hapo?

Ndiyo maana nilipanda hadi Nessuit. Kuna simulizi ya pili, ambayo wageni huipenda: Mwogiek, mzinga, msitu usioguswa. Ina ukweli wake, ila siikubali yote. Leo Waogiek wengi hulima mahindi na viazi, hufuga ng'ombe, kama majirani zao. Nao majirani, wengi walifika na karatasi za ardhi mkononi wakiamini ni halali. Watoto wa pande zote huketi dawati moja. Freire anataka somo lianzie kwenye maisha ya mwanafunzi, na hapa maisha hayo yanatazamana uso kwa uso. Nani aanze kusema, na akirudi nyumbani jioni ataulizwa nini?

Niliteremka na mto hadi ziwani, nikitarajia kukuta ushahidi wa ukame. Nikakuta kinyume. Tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru limekuwa likifura. Lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama ya ziwa hilo liliingiwa na maji, na nyumba na mashamba ya jirani pia. Wapo wanaotaja mvua nyingi, wapo wanaotaja udongo na maji yanayoporomoka kutoka milima iliyonyolewa. Pengine yote mawili. Kama msitu umekwisha na mto unakufa, ziwa linashiba nini?