Zama, Enzi na Kipindi: Majina ya Wakati katika Historia ya Abagusii

Kila aandikaye historia hulazimika kuukata wakati vipande, kwani mambo ya miaka mia nne hayasimuliki kwa pumzi moja. Katika Kiswahili vipande hivyo vina majina mengi: zama, enzi, kipindi, karne, mwongo, kizazi. Aghalabu waandishi huyatumia majina haya kana kwamba ni visawe, na wanafunzi wakayapokea hivyo hivyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si visawe, na kwamba anayechagua neno lisilofaa hutoa hukumu ya kihistoria bila ya kujua. Mfano utakaotumika ni historia ya Abagusii wa nyanda za juu za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya.

Yaanze maneno ya hesabu. Karne ni miaka mia, wala haisemi lolote juu ya yaliyotendeka ndani yake. Mwongo nao una asili ya kuvutia. Mabaharia na wakulima wa pwani waliugawa mwaka wao, tangu Nairuzi, katika miongo 36 ya siku kumi kumi, pamoja na siku tano za ziada. Leo mwongo ni miaka kumi. Neno limeihifadhi kumi yake, ila kinachohesabiwa kimebadilika. Kizazi, kwa upande wake, kimo baina ya hesabu na kisio. Historia ya Abagusii ya kabla ya maandishi imekadiriwa kwa nasaba zilizosimuliwa na wazee. Vizazi kumi, kila kimoja kikikadiriwa kuwa miaka 25, ni miaka 250. Kikikadiriwa kuwa miaka 30, ni miaka 300. Tofauti ya nusu karne imezaliwa na kisio la mwandishi tu.

Enzi ni neno la namna nyingine kabisa. Limetoka katika Kiarabu, kwa maana ya nguvu na utukufu. Ndimo lilimotoka jina Mwenyezi, na ndiyo sababu kiti cha mfalme huitwa kiti cha enzi. Kwa hiyo enzi hudai mtawala. Abagusii wa kale hawakuwa na mfalme mmoja. Kitutu, Nyaribari, Mugirango, Bobasi, Machoge na Wanjare kila mmoja ulikuwa na wazee wake wa kuamua mashauri. Anayeandika "enzi za kale za Abagusii" hukiweka kiti mahali ambapo hapakuwa na wa kukikalia.

"Enzi ya ukoloni" ni usemi sahihi, kwa kuwa hapo mtawala yupo. Lakini enzi hiyo ilianza lini? Vitabu vya shule huanza na mwaka 1895, Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika ya Mashariki. Hata hivyo, Nyanza ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi 1902. Askari wa Kiingereza waliwashambulia Abagusii mwaka 1905, nayo boma ya serikali ikafunguliwa Kisii mwaka 1907. Januari 1908 Otenyo, aliyehimizwa na nabii Moraa, alimchoma mkuki mkuu wa boma hiyo, Northcote. Northcote alipona, na msafara wa kuadhibu ukachoma nyumba na kuteka ng'ombe. Basi mwaka 1895 ni tarehe ya makaratasi; milimani enzi ilifika zaidi ya miaka kumi baadaye, na ilifika kwa moto. Tena Septemba 1914 Wajerumani walipoingia mji wa Kisii na Waingereza kuuacha, wananchi walipora ofisi na vituo vya misheni. Kwa siku chache kiti cha enzi kilikuwa kitupu, na watu walilitambua hilo kabla ya mwanahistoria yeyote.

Zama, linalotokana na neno la Kiarabu la wakati, halimtafuti mtawala. Hutaja namna ya kuishi, kama katika "zama za mawe". Abagusii walikuwa na ebisarate, yaani kambi za ng'ombe ambamo vijana waliishi wakiyalinda makundi dhidi ya wavamizi. Serikali ya kikoloni ilizipiga marufuku takriban mwaka 1912. Hapo ndipo zama za ebisarate zilipokoma. Jambo la kuzingatia ni kwamba mipaka hii miwili hailingani: kwa miaka kadhaa watu waliishi chini ya enzi mpya wangali katika zama zao za zamani.

Kipindi ni neno la mtafiti mwenyewe. Hukata apendapo, mradi aeleze sababu. W. R. Ochieng', katika kitabu chake cha 1974, aliita historia ya Abagusii tangu karibu mwaka 1500 hadi 1914 kuwa ya kabla ya ukoloni. Mwanzo wake ni kisio, mwisho wake ni vita vya dunia, na miaka saba ya mwisho tayari ina boma. Kikiitwa kipindi, mpaka huo unajadilika; kikiitwa enzi au zama, unakuwa kosa.

Mwaka 1969 John Mbiti aliyachagua maneno sasa na zamani ili kueleza fikra za Waafrika juu ya wakati. Maneno mawili hayatoshi. Ekegusii kina kare, ndugu wa kale ya Kiswahili, na vitenzi vyake, kama alivyoonyesha W. H. Whiteley mwaka 1960, hutenga yaliyopita karibuni na yaliyopita mbali. Msemaji hawezi kutaja tendo bila ya kulipa umbali wake.

Uangalifu huo unampasa mwandishi pia. Nyamira ilifanywa wilaya mwishoni mwa miaka ya 1980, na kaunti mwaka 2013. Kusema "Nyamira ya karne ya 19" ni kuwavika mababu jina la wajukuu. Kabla ya kuandika jina la wakati, na aulize: je, ni nani aliyetawala, watu waliishije, au ni hesabu tu? Jibu ndilo litakalochagua neno.