Kate: Kengele, Kimya na Hesabu ya Siku

Taja Sumbawanga ndani ya daladala la Dar es Salaam halafu uone. Mmoja atacheka, mwingine atasogea pembeni kidogo, na wa tatu atatoa kile kichekesho cha kila siku: mdhulumu mtu wa kule, utalala kitandani uamke barabarani. Hata jina la mji limeingizwa humo humo, maana wengi hulifafanua kuwa ni "tupa uchawi". Sawa, tucheke. Lakini nchi hiyo hiyo ya Ufipa ina historia nyingine ambayo vijana wa mjini hatuitaji: historia ya watu waliojifunza kukaa kimya, wakaipitia siku yao saa kwa saa, na kujichunguza wenyewe kabla ya kumchunguza jirani. Historia hiyo ina mahali pake. Tuchukue Kate, Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa.

Siku hizi utulivu wa moyo umekuwa bidhaa. Kuna vitabu vyake, kuna semina, kuna programu za simu zinazokuambia lini uvute pumzi na lini uitoe. Mtu anadhani jambo hili limeletwa juzi na ndege kutoka Ulaya au India. Hebu turudi nyuma kidogo.

Uwanda na watu wake

Ufipa ni uwanda ulioinuka. Upande wa magharibi ardhi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki inaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Katikati ni nyasi, upepo na baridi. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1880, aliwasifu Wafipa kuwa ni wakulima watu wa amani. Baadaye sana, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuja Mwingereza mwingine, Roy Willis. Huyu alikaa, akajifunza lugha, akaandika vitabu. Naye aliwakuta watu wa vijiji vilivyoshikana, watu wanaothamini mazungumzo na ujirani.

Willis aliandika pia habari za Milansi, jina alilolieleza kuwa ni "kijiji cha milele". Masimulizi ya Wafipa yanasema mtawala wa kwanza alikuwa hapo Milansi. Wageni wa ukoo wa Watwa wakaja, wakauchukua utawala wa nchi. Lakini Milansi haikufutwa. Mwene wake alibaki na heshima ya kikuhani, na katika mawazo ya Wafipa Milansi ikawa kichwa cha nchi, wakati watawala wapya walikuwa kiuno, yaani nguvu na mwendo. Kwa hiyo wazo kwamba anayekaa na kutulia ana kazi yake katika nchi, sawa na anayekwenda mbio, halikusubiri mzungu. Lilikuwapo.

Ila utulivu huo ulikuwa wa kukaa pamoja: wazee kibarazani, chungu cha pombe ya ulezi, maneno yanazunguka. Mtu kujitenga peke yake, akafumba macho na kukaa kimya nusu saa, hilo lilikuwa jambo geni.

Kengele inafika

Lilifikaje? Njia yake ni ndefu kweli. Mwaka 1521 askari mmoja wa Hispania, Ignatius wa Loyola, alivunjwa mguu na risasi ya mzinga huko Pamplona. Akalala kitandani miezi, hana la kufanya ila kusoma na kuwaza. Akagundua kwamba mawazo mengine yanamwacha na furaha inayodumu, na mengine yanamwacha mkavu. Akaanza kuyaangalia mawazo yake kama mvuvi anavyoangalia maji. Kutokana na hayo akatunga Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Mazoezi hayo kwa ukamilifu wake ni mafungo ya siku kama 30.

Ndani yake kuna kitu ambacho kila anayetaka kuwa mwandishi angepaswa kukijua. Ignatius alishauri mtu achague kosa moja tu analotaka kuliacha. Asubuhi anakusudia. Mchana anajiuliza: tangu nilipoamka nimeanguka mara ngapi? Usiku anajiuliza tena. Na anaandika! Kila siku ina mistari miwili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na kila kosa ni nukta moja juu ya mstari. Mwisho wa juma anaangalia kama nukta zinapungua. Hakuna ndoto wala maono hapo. Ni hesabu tu, kama ya mama muuza maandazi na daftari lake.

Mwaka 1868, huko Algiers, Askofu Mkuu Charles Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika. Watu wetu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walizoziiga kwa Waarabu wa Algeria. Malezi ya mapadri hao yalichota katika kisima cha Ignatius: tafakari ya asubuhi, uchunguzi wa dhamiri, mafungo ya kila mwaka. Lavigerie akaongeza kanuni zake mbili zinazotuhusu. Ya kwanza, pasiwe na kituo chenye wamisionari pungufu ya watatu, ili mtu asimezwe na upweke. Ya pili, kila kituo kiandike kitabu cha kumbukumbu za kila siku: nani kafika, nani kafa, mvua, nzige, ugomvi, habari za machifu.

Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, iliyokuwa imejengwa na Wabelgiji. Kutoka ziwani walipanda uwandani, na Kate ikawa mojawapo ya vituo vyao vya mwanzo huko juu. Leo wanahistoria wanaochimba maisha ya Nkansi wanategemea sana vile vitabu vya kumbukumbu vya Kate na vya Chala. Hebu fikiria: watu walioamriwa kukaa kimya na kujihesabu ndio walioacha maandishi mengi kuliko wote.

Mfipa aliyetaka kubatizwa hakubatizwa kesho yake. Lavigerie aliweka miaka minne ya kusubiri na kufundishwa. Miaka minne, bwana! Humo mtu alijifunza sala, lakini pia alijifunza saa. Kengele ya Malaika wa Bwana hulia mara tatu: asubuhi, adhuhuri na jioni. Aliye shambani anasimamisha jembe, anakaa kimya kidogo, anaendelea. Kabla ya kitubio anatakiwa aipitie roho yake mwenyewe: nilisema nini, nilimfanyia nani, kwa nini. Swali hilo la "kwa nini" halimhusu jirani.

Kengele ni ya nani?

Tusipake rangi. Kengele ile ilikuwa na mwenyewe. Misheni ilikuwa na ardhi, ilikuwa na vibarua, na huko Karema siku za mwanzo ilikuwa kama serikali ndogo. Kimya kinaweza kuwa cha mtu aliyetulia, na kinaweza kuwa cha mtu aliyenyamazishwa. Ukiwa mbali havitofautiani. Kijana anayeambiwa "tulia, jichunguze, kosa ni lako" na mtu mwenye shamba kubwa kuliko lake ana haki ya kuuliza maswali.

Ndiyo maana napenda kumweka mbele yenu Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo, miaka ya 1860. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri Weupe wakamkomboa huko Algeria, yaani wakamnunua ili awe huru. Wakampeleka kusomea utabibu Malta. Mwaka 1888 akaanza safari ya kuja huku, akafika Karema, na hapo akatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Mwanawe Joseph akawa padre. Mjini Sumbawanga hospitali ina jina lake mpaka leo.

Mtu huyu alitekwa na wengine, akauzwa na wengine, akakombolewa na wengine, akatumwa na wengine. Hata kengele aliyoamkia haikuwa yake. Lakini mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha habari za maisha yake alizozieleza mwenyewe. Mzee wa karibu miaka 80 anarudi nyuma, anapita kila kituo cha safari yake, anakitaja. Hiyo ndiyo hesabu ya siku, ila imekuwa hesabu ya maisha. Na hapo mwenye kengele hana tena amri. Ukishamfundisha mtu kujisikiliza, huwezi kumpangia atakachosikia.

Ndivyo ilivyotokea pia kwa mabinti wa Kifipa waliochagua utawa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ukoo ulitazamia ndoa, mahari na wajukuu. Waliingia katika nyumba ya kimya wakatoka na uamuzi ambao wazazi hawakuupanga. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu dini. Kwamba uamuzi ulikuwa wao, hilo ni vigumu kulikana.

Njia ya pili

Sasa turudi kwenye kile kicheko cha daladala, maana hapa ndipo penye uzito. Ufipa iliijua njia nyingine ya kutafuta amani. Miaka ya 1930 vuguvugu la Mchape lilisambaa kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, likapita Rhodesia ya Kaskazini na kufika uwandani. Lilirudi tena na tena, hadi 1963 na 1964, ambapo Willis alilishuhudia kwa jina la Kamchape. Vijana ndio waliokuwa mstari wa mbele. Kijiji kinakusanywa, dawa inatolewa, watu wanatakiwa watoe hadharani pembe na vitu vya uchawi, na wanaotiliwa shaka mara nyingi ni wazee.

Tuwe wakweli: Kamchape nayo ilileta nafuu. Watu waliokuwa hawasalimiani walianza upya. Chuki iliyolala miaka ilisemwa wazi mchana kweupe. Kwa Wafipa, watu wa mazungumzo, jambo hilo lilikuwa na mantiki yake. Lakini angalia mwelekeo wake. Nina hofu usiku, basi natafuta nyumba ya nani imenitia hofu. Nafuu hiyo haikukaa. Kila baada ya miaka kama 10 hofu ilirudi, na wasafishaji wakarudi nayo. Na sote tunajua kwamba katika nchi yetu kutafuta mchawi kumeishia mara nyingi kwenye panga, na wanaokufa ni bibi zetu wenye macho mekundu ya moshi.

Waliopanga foleni ya kitubio Kate na waliopanga foleni ya Kamchape hawakuwa makabila mawili tofauti. Mara nyingi walikuwa watu wale wale. Hofu ilikuwa moja. Njia moja ilimpeleka mtu kwenye mlango wa jirani, nyingine ikamrudisha kwenye siku yake mwenyewe: leo nimeogopa nini, nimemwonea nani wivu, saa ngapi? Sisi wa mjini tusijione tumepona. Tumebadilisha uchawi tukauita "kubaniwa", "fitina", "watu hawataki nitoke". Usiku tunashika simu kutafuta nyumba ya nani imetutia hofu.

Kama tuta la Ufipa

Wakulima wa Ufipa wana aina yao ya tuta, linaitwa ntumba. Mvua zinapoelekea kwisha mkulima anafukia nyasi chini ya udongo, anafanya tuta kubwa la mviringo. Kisha analiacha. Nyasi zinaoza polepole. Msimu unaofuata analisambaza tuta, anapanda ulezi. Bila mbolea ya dukani, uwanda ule umelisha watu kwa njia hiyo vizazi na vizazi. Mpita njia asiyejua atadhani mkulima amezika takataka.

Tafakari ni kazi ya namna hiyo. Huhitaji kuwa Mkatoliki, wala mlokole, wala mfuasi wa Buddha. Walichokifanya watu wa Kate unaweza kukichukua hivi: weka saa, maana bila saa utaahirisha. Kaa. Shukuru kwa kimoja. Ipitie siku tangu ulipoamka, saa kwa saa, bila kujitetea na bila kujitukana. Chagua jambo moja la kesho, moja tu. Weka nukta kwenye daftari. Na usikae peke yako mno. Kumbuka kanuni ya watu watatu, na chungu cha wazee kibarazani.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwetu sisi tunaoandika, mshindo huo ndio malighafi. Hadithi nyingi tunazoleta magazetini zina mchawi, tajiri mbaya na shangazi mkorofi, na mhusika mkuu hana kosa hata moja. Tunazijua zinavyokwisha kabla hatujazisoma. Mwandishi aliyewahi kuhesabu nukta zake mwenyewe hawezi kuumba mtu wa namna hiyo tena. Basi leo usiku, kabla ya kufungua simu, fungua daftari. Mistari miwili inatosha kuanzia.