Ilani za Kupinga Wizi wa Kazi za Sanaa na Mnunuzi wa Umatengo

Kabla ya njia ya umeme ya Makambako hadi Songea kuzinduliwa mwaka 2019, watu wa Mapera na vijiji vingine vya Umatengo, wilayani Mbinga, walitazama filamu katika vibanda umiza vilivyoendeshwa kwa jenereta, na kabla ya mchezo kuanza lilipita kwenye kioo, aghalabu upesi mno, onyo la maandishi kwamba kazi ile ni ya kutazamwa nyumbani tu, na kwamba kuidurufu, kuikodisha au kuionyesha hadharani ni kosa mbele ya sheria. Waliolisoma walikuwa wamekwisha kulipa kiingilio, wameketi bega kwa bega hadharani. Liliwapita kana kwamba haliwahusu, na kwa hakika lilitungwa kwa ajili ya mtu mwingine, wa nchi nyingine, mwenye mashine yake na sebule yake.

Habari za mtu huyo zaanzia Uingereza. Mwaka 1981 umoja wa makampuni ya santuri wa nchi hiyo, ulipoona vijana wananasa nyimbo za redioni na santuri za rafiki zao katika kaseti tupu, ulieneza picha ya kaseti iliyogeuzwa fuvu la kichwa, chini yake mifupa miwili iliyopishana, pamoja na tangazo kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Mbinu yenyewe ni ya kuogofya, yaani kuikuza hasara hata ifanane na mauti. Lakini muziki haukufa, na kila mwaka uliopita bila mazishi uliipunguzia ilani ile itibari. Mwaka 1992 wachapishaji wa programu za kompyuta wa Marekani waliwageukia vijana kwa wimbo wa kufokafoka, wakiwasihi wasinakili disketi. Kisha mwaka 2004 ikatoka ile filamu fupi mashuhuri, iliyotiwa mwanzoni mwa DVD nyingi, inayomkumbusha mtazamaji kwamba asingeiba gari wala mkoba, na kwamba kujipatia filamu pasipo halali ni wizi uleule. Hapo hofu iliongezewa fedheha, na fedheha yenyewe ikamwangukia asiyestahili, kwa kuwa mwenye kudurufu aliikata ilani ile akaitupa, ilhali aliyenunua nakala halali ndiye aliyelazimika kuhubiriwa juu ya wizi kila alipotaka kustarehe. Fauka ya hayo, huko Uholanzi mtunzi Melchior Rietveldt, aliyetunga mwaka 2006 muziki wa ilani ya namna hiyo kwa ajili ya tamasha moja tu la filamu, aliukuta baadaye katika DVD zilizokuwa zikiuzwa, naye hakuwa ameombwa ruhusa wala kulipwa. Tukio hilo, naamini, lilizidhuru ilani kuliko dhihaka zote zilizotungwa juu yake.

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966, lakini kwa miaka mingi sheria hiyo haikuwa na mnadi wake. Bendi za dansi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, wasikilizaji wakazinasa nyimbo hewani, na maduka ya mijini yakamrekodia mteja kanda aliyoitaka kwa ujira, wala hakuna aliyejihesabu kuwa mwizi. Baada ya nchi kujiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na kupitishwa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, iliyoizaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini, ndipo ushawishi ulipoanza kwa dhati. Nao ulishika alama badala ya fuvu. Ilikuja hakigramu, kibandiko king'aacho cha COSOTA, na mwaka 2013 zikafuata stempu za kodi za TRA, mamlaka ya mapato, juu ya CD na DVD. Mbinu ya alama naiona kuwa ya insafu kupita zile za ughaibuni, maana haikumtukana mnunuzi, bali ilimwomba atazame kabla ya kutoa fedha yake.

Lakini atazame nini, akiwa Mapera? Msimu wa kahawa, fedha zinapotoka katika vyama vya ushirika, wachuuzi hupanda milima hii na bidhaa za kila namna, na katika miaka ile walileta DVD zilizochomwa, filamu nyingi ndani ya moja, zisizo na stempu hata chembe. Nakala halali ilitoka Kariakoo, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, na aghalabu haikufika. Mkulima alilipa kwa jasho lake, akapokea mali mkononi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ameiba ni kumdhulumu, kwa sababu katika fahamu zake mwizi ni yule asiyelipa. Hilo ndilo kosa la asili la ilani zilizoigwa kutoka Ulaya: kule zilimkabili mwenye kunakili nyumbani bure, na huku zikamkabili mteja wa biashara ambayo mwenye hatia yake, aliyekaa mbele ya kompyuta mjini akichoma mamia ya nakala, hakuwa akisoma ilani ya mtu.

Huyo wa mjini alifuatwa kwa mkono wa dola. Alex Msama, mwandaaji wa Tamasha la Pasaka, alijulikana nchini kwa misako aliyoifanya pamoja na polisi dhidi ya wachomaji wa CD, ambapo mitambo na mizigo iliyokamatwa ilionyeshwa kwa waandishi wa habari. Na msako unaopigwa picha ni ilani pia, tena yenye kufika mbali. Mwezi Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa bila stempu. Hapo mwananchi aliziona nyuso anazozijua zikilia dhuluma, na kilio hicho kilikuwa na nguvu ambayo onyo la sheria halikupata kuwa nayo, kwa maana mtu humhurumia msanii aliyemchekesha na kumliza, wala hawezi kuhurumia kifungu cha sheria. Kuhusu hoja za ilani zenyewe, watafiti wawili, Gilles Grolleau na Luc Meunier, waliandika mwaka 2022 kwamba kurundika hoja nyingi kwaidhoofisha iliyo bora, na kwamba kutangaza jinsi watu wengi wanavyodurufu kwamfanya msikiaji alione jambo hilo kuwa la kawaida. Ilani zetu ziliyatenda yote mawili, zikamlilia msanii, zikalilia pato la serikali, zikatisha kwa jela, kisha zikahitimisha kwa kulalamika kwamba wizi umeenea kila kona.

Leo DVD imekwisha adhama yake. Nyimbo hutiwa kwenye memori kadi na flashi, na redio ndogo za sola huziimba shambani mchana kutwa, mahali ambapo stempu haina pa kubandikwa. Serikali imeshika njia isiyohitaji kumshawishi mtu: Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 juu ya vifaa vinavyotumika kudurufu na kuhifadhi kazi. Naiunga mkono tozo hiyo, na kwa ajili yake nataka ilani moja zaidi, fupi, ya Kiswahili chepesi, ibandikwe dukani Mbinga na Mbamba Bay mahali redio na flashi zinapouzwa, imwambie mnunuzi kwamba katika bei ile limo fungu la mtunzi, na imwonyeshe fungu hilo humfikia mtunzi kwa njia gani.