Kilumi: Ngoma ya Mvua na Tiba Inayounganisha Kitui na Makueni

Kilumi ni ngoma ya kale ya Wakamba, ambayo kwa vizazi vingi imechezwa pande zote mbili za Mto Athi kwa ajili ya kuomba mvua na kuwatibu waliopandwa na pepo. Simulizi za Wakamba hueleza kuwa katika karne ya 18 baadhi ya koo ziliondoka katika milima ya Mbooni, iliyoko Makueni ya leo, zikavuka mto na kulowea Kitui, zikiwa na imani na mila zilezile.

Tofauti na mbeni, ngoma ya vijana inayosifika kwa sarakasi, kilumi imeshikiliwa zaidi na wanawake watu wazima. Chombo chake kikuu ni kithembe, yaani ngoma ndefu ya gogo lililochimbwa ndani na kuwambwa ngozi, ambayo mpigaji huibana mapajani na kuipiga kwa viganja. Mdundo huanza taratibu, ukazidi kushika kasi hadi mchezaji apandwe na aimu, yaani mizimu, ambayo huaminika kusema kwa kinywa chake na kutaja inachokitaka. Ukame unapozidi, hasa vuli ya Oktoba hadi Disemba inayotegemewa na wakulima wa Ukambani inapokosekana, kilumi huandamana na sadaka inayotolewa na wazee kwenye ithembo, mahali patakatifu ambapo aghalabu huwa chini ya mti mkubwa.

Ngoma yenye uzito huo haikuweza kuepuka mivutano ya enzi ya ukoloni. Misheni ya Africa Inland ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, Makueni, mwaka 1895, na tangu hapo waumini wapya wakafundishwa kuziacha ngoma za mizimu. Mwaka 1911, vuguvugu la kupandwa na pepo lililohusishwa na Siotune wa Kathuke lilipoenea katika wilaya ya Machakos, serikali iliona humo dalili za uasi, ikawahamisha viongozi wake. Hata hivyo kilumi ilidumu, kwa kuwa ilikuwa ibada na tiba kabla ya kuwa burudani.

Makueni ilipotengwa na Machakos na kuwa wilaya mwaka 1992, mipaka ya utawala iliongezeka, lakini ngoma ilibaki moja. Ngoma inayovuka mipaka inaweza kuorodheshwa kwa njia tofauti: katika milima ya Kaukazi, kochari, ngoma ya kushikana mikono kwa safu, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2017 kwa jina la Armenia, na mwaka uliofuata ikatajwa tena katika urithi wa Azerbaijan. Kenya yenyewe ilionyesha njia nyingine mwaka 2014, pale ngoma ya isukuti ilipoorodheshwa kuwa urithi wa jamii za Waisukha na Waidakho kwa pamoja. Njia hiyo ndiyo inayoifaa kilumi: Kitui na Makueni zirekodi kwa ushirikiano midundo, nyimbo na maarifa ya akina mama wanaoijua, wangali hai kuwafundisha wajukuu wao.