Punguzo la Bei ya Motokaa: Historia Yake, na Funzo Lake kwa Wanaushirika

Mwaka huu Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka kumi, na katika kitabu hiki wasomaji watakuta habari nyingi za mazao, maghala na hesabu zetu. Sisi tumepewa nafasi ya kuandika historia, nasi tumechagua jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halielekei kuwa la mkulima: jinsi watengenezaji wa motokaa wanavyompunguzia mnunuzi bei, na jinsi mawakala wao wanavyoipanga bei hiyo. Sababu ya kulichagua ni hii. Vyama vya msingi vimekwisha kuomba kwamba Chama Kikuu kinunue malori yake chenyewe, badala ya kukodi kila msimu. Lori ni kitu cha thamani kubwa kupita karibu vyote ambavyo chama hununua kwa siku moja. Yafaa basi, kabla hatujaingia dukani kwa wakala, tujue punguzo ni nini, limetoka wapi, na huishia mkononi mwa nani.

Wazo la kumrudishia mnunuzi sehemu ya fedha zake wanaushirika walilijua kabla motokaa hazijakuwako. Tarehe 21 Desemba, 1844, watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, wengi wao mafundi na wafumaji, walifungua duka dogo katika njia iitwayo Toad Lane. Waliuza kwa bei ya kawaida ya soko, na ziada iliyopatikana wakaigawa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Aliyenunua zaidi alirudishiwa zaidi. Kila mwanachama aliweza kuuliza hesabu, naye alionyeshwa daftari. Tuuweke moyoni mfano huo, maana ndio kipimo tutakachotumia kupimia yote yanayofuata.

Ahadi ya mwaka 1914

Historia ya marejesho ya bei ya motokaa ni ya Marekani hasa. Henry Ford alianza kuuza motokaa yake iitwayo Model T katika mwaka 1908, na ile ya kuchukua abiria wengi iliuzwa kwa dola 850. Katika mwaka 1913 alianzisha katika kiwanda chake cha Highland Park utaratibu wa kazi ambao motokaa ilisogezwa mbele ya mafundi, kila fundi akitia sehemu yake tu. Kazi ikawa ya haraka, gharama zikashuka, na ilipofika Agosti 1914 bei ilikuwa imeshuka hata dola 490.

Ndipo Ford alipotangaza jambo lililowashangaza watu. Alisema kwamba kama kampuni yake itauza motokaa zaidi ya 300,000 tangu Agosti 1914 hata Agosti 1915, basi kila mnunuzi wa mwaka ule atarudishiwa dola 40 hadi 60. Mwaka ulipokwisha, zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 308,000. Ford akatimiza ahadi: kila mnunuzi alipata dola 50, na jumla ya fedha zilizorudishwa ilizidi dola milioni 15.

Tusidhani kwamba alifanya hivyo kwa ukarimu mtupu. Alijua kuwa kadiri motokaa zinavyotengenezwa kwa wingi, ndivyo gharama ya kila moja inavyopungua. Naye alimfanya kila mnunuzi awe mpiga debe wake, kwa kuwa kila aliyekwisha kununua alitaka na jirani yake anunue. Hata hivyo mpango ule ulikuwa na sifa tatu zilizo njema. Ahadi ilitangazwa hadharani kabla ya biashara. Kiasi kilikuwa kimoja kwa wote. Tena fedha zilimfikia mnunuzi mwenyewe kutoka kampuni, zisipite katika mapatano ya faragha baina yake na muuzaji.

Wakala katikati

Lakini mtengenezaji hauzi motokaa kwa mkono wake. Baina yake na mnunuzi yuko wakala, ambaye huinunua motokaa kwa kampuni na kuiuza kwa faida. Wakala mara nyingi amebanwa pande mbili. Katika mwaka 1920 biashara ilidorora, na mnamo Septemba Ford alipunguza bei ya motokaa ile ya abiria kutoka dola 575 hata 440. Kampuni ilikuwa na deni kubwa la kulipa. Basi katika majira ya baridi ya 1920 hadi 1921 iliwapelekea mawakala motokaa nyingi, nao wakatakiwa kuzilipia zilipofika. Aliyekataa alihatarisha uwakala wake. Kwa hiyo wengi walikwenda benki za miji yao wakakopa. Hivyo deni la kampuni likahamia mabegani mwa mawakala.

Baada ya vita kuu ya pili mambo yalizidi kuchafuka. Mwanzoni motokaa zilikuwa haba na wanunuzi wengi. Lakini katika miaka ya 1950 viwanda vilitengeneza kupita mahitaji, na mawakala wakasukumwa wauze kwa kila njia. Baadhi yao wakabuni hila. Wakala aliipandisha bei ya motokaa mpya bila mnunuzi kujua, kisha akamwambia, “Motokaa yako kuukuu nitaichukua kwa bei nzuri sana.” Mnunuzi akafurahi kwa kuona chombo chake cha zamani kimethaminiwa, kumbe fedha alizoongezewa kwa mkono wa kushoto zilikuwa zimekwisha kutolewa mfukoni mwake kwa mkono wa kulia.

Malalamiko ya mawakala na ya wanunuzi yalifika katika Baraza la Senate la Marekani. Aliyeyashughulikia hasa ni Seneta Mike Monroney wa jimbo la Oklahoma. Katika mwaka 1956 ilipitishwa sheria iliyowapa mawakala haki ya kuishtaki kampuni isiyowatendea kwa nia njema. Kisha katika mwaka 1958 ikapitishwa sheria iliyomtazama mnunuzi. Iliamuru kwamba kila motokaa mpya ya abiria ibandikwe kiooni karatasi yenye aina ya motokaa na namba yake, bei iliyopendekezwa na mtengenezaji, bei ya kila kikorokoro kilichoongezwa, na gharama ya kuisafirisha hata kwa wakala. Asiyeibandika kwa makusudi aliweza kutozwa faini hadi dola 1,000 kwa kila motokaa. Hata leo karatasi hiyo huko Marekani huitwa kwa jina la Seneta yule.

Sheria haikumlazimisha wakala auze kwa bei ile iliyoandikwa. Aliweza kuuza kwa zaidi au kwa pungufu. Ilichofanya ni kumpa mnunuzi mahali pa kuanzia. Aliyejua bei ya mtengenezaji hakuweza tena kuambiwa chochote.

Marejesho yarudi tena

Katika Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiuzwe Marekani. Bei ya petroli ikapanda, watu wakaacha kununua motokaa kubwa, na viwanja vya makampuni vikajaa motokaa zisizo na wenyewe. Katika Januari 1975 kampuni ya Chrysler ilitangaza kwamba itawarudishia wanunuzi wa aina fulani za motokaa dola 200 hadi 400, na makampuni ya Ford na General Motors yakafuata. Tangu hapo marejesho yakawa desturi: kila motokaa zinapolala bila kununuliwa, makampuni huyarudia.

Ebu tuangalie kwa nini kampuni hupenda kurudisha fedha kuliko kushusha bei moja kwa moja. Bei ikishushwa ni vigumu kuipandisha tena, na aliyenunua juzi hunung’unika. Marejesho yana mwanzo na mwisho. Siku zikipita, bei ya zamani husimama pale pale kana kwamba haikuguswa.

Nani hupata punguzo?

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Kampuni ina njia mbili za kutoa punguzo. Njia ya kwanza ni kumpa mnunuzi, na kulitangaza ili kila mtu alisikie. Njia ya pili ni kumpa wakala kimya kimya, kwa tumaini kwamba wakala atampunguzia mnunuzi. Katika mwaka 1906 hakuna aliyeweza kusema kwa hesabu ni ipi iliyomfaa mnunuzi zaidi. Miaka mia baadaye, katika 2006, wachunguzi watatu wa elimu ya uchumi, Meghan Busse, Jorge Silva-Risso na Florian Zettelmeyer, walichapisha jibu. Waligundua kwamba punguzo likitangazwa kwa mnunuzi, yeye hubaki na asilimia 70 hadi 90 ya fedha hizo. Bali likipewa wakala, mnunuzi huonja asilimia 30 hadi 40 tu. Fedha ni zile zile, na kampuni ni ile ile. Waliona kuwa tofauti yaelekea kutoka katika kujua na kutojua: kwa njia ya kwanza mnunuzi ana habari ya punguzo, kwa njia ya pili hana.

Tena kuna fedha nyingine ambazo mnunuzi hazioni. Watengenezaji wengi humrudishia wakala sehemu ya bei, mara nyingi asilimia 2 au 3, baada ya motokaa kuuzwa. Kwa hiyo wakala aweza kukuonyesha ankara yake na kusema kwa uso mkavu kwamba anakuuzia bila faida, hali anangoja fedha zake kutoka kampuni.

Kujua nusu nako kuna hatari yake. Katika majira ya joto ya mwaka 2005, General Motors, kisha Ford na Chrysler, walitangaza kwamba kila mtu atanunua kwa bei ya punguzo waliyokuwa wakipewa wafanyakazi wao. Watu wakafurika, mauzo yakapanda ajabu. Lakini bei zilipochunguzwa baadaye ilionekana kwamba marejesho ya kabla ya tangazo yalikuwa makubwa mno hata wanunuzi wengi walilipa zaidi kuliko ambavyo wangalilipa majuma machache nyuma. Walivutwa na neno “punguzo”, wala hawakuuliza bei ya jana.

Vivyo hivyo katika mikopo. Kampuni yaweza kumwambia mnunuzi achague: ama marejesho, ama mkopo usio na riba. Tuchukue mfano wa motokaa ya dola 20,000. Mnunuzi achague marejesho ya dola 2,000 na kukopa benki dola 18,000, au akope zote 20,000 bila riba, kwa miezi 36. Kama riba ya benki ni asilimia 6 kwa mwaka, kwa njia ya benki atalipa jumla ya dola 19,714 hivi, marejesho yamemfaa. Kama riba ya benki ni asilimia 9, atalipa dola 20,606 hivi. Afadhali angalichukua mkopo usio na riba. Hakuna jibu moja kwa wote. Anayejua ni yule aliyepiga hesabu hata mwisho.

Funzo kwetu

Huenda msomaji akasema, “Haya ni ya Marekani.” Ni kweli kwamba hapa Tanzania magari mengi wanayonunua watu binafsi yamekwisha kutumika, na mengi hutoka Japani, hayo hayana marejesho ya mtengenezaji. Lakini ushirika unaponunua malori mapya kwa wakala, au mbolea, au magunia kwa maelfu, punguzo huwapo, na swali ni lile lile: limepewa nani? Wanachama elfu kadha hawawezi kuingia dukani pamoja. Huenda kwa niaba yao afisa mmoja au wawili. Hapo afisa amesimama mahali pa wakala, katikati ya mwenye mali na mwenye fedha. Punguzo likitolewa kwake kwa siri, liwe linaitwa kamisheni au asante, historia imekwisha kutuonyesha ni kiasi gani kitamfikia mkulima.

Vyama vyetu vilizaliwa kwa sababu ya siri za namna hiyo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda chama chao kikuu katika mwaka 1933, na wakulima wa pamba wa Usukuma walipoungana katika shirikisho lao la mwaka 1955, walitaka kuijua bei na kuiona mizani kwa macho yao. Itakuwa aibu mkulima aliyeikataa mizani ya gizani aikubali ankara ya gizani.

Kwa hiyo twawashauri wanachama na maafisa mambo matano. Kwanza, bei ya lori iulizwe kwa mawakala zaidi ya mmoja, nayo iletwe kwa maandishi, kila kitu kikiwa na bei yake. Pili, punguzo lolote liandikwe katika ankara kwa jina la chama, wala lisilipwe baadaye kwa mtu yeyote. Tatu, kama chama kina lori kuukuu la kuuza, bei yake ipatanwe mbali, baada ya bei ya lori jipya kukatwa. Nne, jumla ya malipo ya mkopo ilinganishwe na bei ya taslimu kabla ya kutia sahihi. Tano, karatasi zote zisomwe katika mkutano mkuu, tena kwa sauti, ili na asiyejua kusoma asikie.

Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Chama chetu kina miaka kumi ya daftari, na kila mwanachama ana haki ya kulifungua. Siku malori yetu yatakapoingia uwanjani, kila mkulima aweze kusema yalinunuliwa kwa shilingi ngapi, punguzo lilikuwa kiasi gani, na limeandikwa ukurasa wa ngapi.